Treni ya bati: Starehe ya mikono isiyokula mtaji

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MSIMU wa tumbaku ukishakwisha na karanga zikaingia ghalani, mkulima wa Tabora hubaki na kitu ambacho wengi hawakiandiki kwenye daftari zao, nacho ni muda. Mvua za mkoa huu huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kati ya kuuza mazao na kuandaa vitalu vipya kuna jioni nyingi tupu. Mfanyabiashara mdogo wa Mtendeni naye anazo saa zake za kukaa dukani bila mteja, hasa wakati wakulima wanasubiri malipo. Muda huo hauwekwi benki. Usipopangiwa kazi, unaliwa na kijiwe.

Makala haya yanazungumzia kazi moja ya mikono inayofaa kujaza muda huo: kutengeneza treni za mfano, yaani reli, injini na mabehewa yaliyopunguzwa kwa kipimo mpaka yakaenea juu ya ubao. Duniani ni starehe ya mamilioni ya watu wazima. Hapa kwetu huonekana mchezo wa watoto, ingawa hakuna mji wa Tanzania wenye haki zaidi ya kuipenda kuliko Tabora.

Mji uliolelewa na njia

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kabla haijawa kituo cha treni. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba mwaka huo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa miguu, na safari hiyo ilikuwa ya miezi.

Reli ya Kati ilibadilisha hesabu hiyo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, kisha tawi la Kaliua hadi Mpanda mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Tabora ikawa njia panda ya reli, mji wa madereva, mafundi na magadi, wenye chuo chake cha reli.

Mafundi hao hawakuwa wa mchezo. Mwaka 1916, Wajerumani walipokatiwa mawasiliano na kwao na kuishiwa sarafu, karakana ya reli ya hapa ndiyo iliyogeuzwa kiwanda cha fedha. Zikagongwa sarafu za shaba za heller 5 na 20, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu hizo zilipigwa alama ya herufi T, yaani Tabora, na leo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima.

Wengine wanafanyaje?

Ujerumani, kampuni ya Märklin iliyoanzishwa mwaka 1859 ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891 treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu. Faida yake ilikuwa kwamba mnunuzi angeanza na kidogo, kisha akaongeza behewa moja moja. Huko Hamburg, ndugu wawili pacha walifungua mwaka 2001 maonyesho ya treni ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland, ambayo yamekuwa makubwa kuliko yote duniani kwa kuongezwa sehemu baada ya sehemu.

Mwanamuziki Rod Stewart wa Uingereza alionyesha mwaka 2019 mji wake wa treni alioujenga kwa zaidi ya miaka 20. Alipokuwa ziarani kuimba, alikuwa akiomba chumba cha ziada hotelini ili aendelee na kazi hiyo. Mtu huyo hakukosa fedha za kununua kila kitu kikiwa tayari. Alichokuwa akikitafuta ni utulivu wa kukata, kubandika na kupaka rangi kwa mikono yake.

Vifaa vimejaa mtaani

Hatua ya kwanza ni kuchagua kipimo, na kisha usikibadilishe. Kinachotumika zaidi duniani ni moja kwa 87, lakini ni kidogo mno kwa makopo na plaizi. Kinachofaa kwa anayeanza ni moja kwa 50, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila mita mbili za kweli zinakuwa sentimita nne.

Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, kwa hiyo kwako itakuwa sentimita mbili. Behewa la mita 12 litakuwa sentimita 24. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 atakuwa sentimita 3.4. Anayetaka kutengeneza reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ataweka sentimita 2.9 hivi.

Njiti ya kiberiti ina karibu sentimita nne, hivyo inafaa kuwa taruma. Ukizipanga kwa nafasi ya sentimita 1.4, mita moja ya reli itakula njiti zipatazo 70. Juu yake bandika waya mbili zilizonyooshwa. Kokoto ni mchanga mnene uliochekechwa, uliomwagiwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji.

Behewa hutokana na bati la kopo la mafuta ya kula. Chora kwanza kwenye karatasi ngumu, kata, kunja, uone kama linakaa sawa, ndipo uhamie kwenye bati. Ekseli ni kipande cha spoki ya baiskeli. Gurudumu ni vifungo viwili vya koti vilivyobandikwa pamoja, kikubwa upande wa ndani na kidogo upande wa nje. Kile kikubwa ndicho kinachozuia behewa lisitoke relini, kama ilivyo kwenye gurudumu la kweli. Vipande vya mninga vinavyotupwa na maseremala vinatosha kwa jengo la stesheni, na unga wa msumeno uliopakwa rangi ya kijani unakuwa majani ya miembe.

Kuna tahadhari mbili. Lehemu nyingi zina risasi, hivyo choma nje penye hewa, weka watoto mbali na unawe mikono kabla ya kula. Pili, usiokote wala kununua kipande chochote kilichotoka kwenye reli ya kweli. Boliti moja iliyofunguliwa inaweza kuua watu, na ni kosa la jinai.

Kwa nini wengi huishia njiani?

Kinachoua starehe hii mara chache huwa ni ukosefu wa fedha. Mara nyingi ni ukubwa wa mpango. Mtu anaanza kwa kutaka reli yote ya Tabora hadi Kigoma. Hiyo ni zaidi ya kilometa 400. Kwa kipimo cha moja kwa 50 ni zaidi ya kilometa nane za njiti na waya! Baada ya mwezi mmoja anachoka, boksi linasukumwa chini ya kitanda, na mchwa wanamalizia.

Hapa wapagazi wa zamani wanatufundisha. Aliyebeba mzigo wa frasila mbili hakuweza kuishi akiwaza bahari kila asubuhi. Alihesabu kambi ya jioni hiyo. Ubao wa mita 2.4 unawakilisha mita 120 za kweli, na hapo inaenea injini moja, mabehewa matatu, jukwaa la abiria na mwembe. Hiyo ndiyo safari yako ya kwanza. Igawe katika kambi: reli, kisha behewa moja, kisha jukwaa. Kila kambi iwe kitu kinachoweza kumalizika na kuonyeshwa.

Pili, tenga nusu saa badala ya kusubiri siku nzima ya mapumziko, ambayo huwa haiji. Kabla ya kufunga vifaa, andika kwenye daftari hatua inayofuata: "Kesho kata mlango wa behewa." Anayejua pa kuanzia hukaa na kuanza. Asiyejua huzunguka mezani na kuondoka.

Tatu, uwe na kazi mbili, moja ngumu na moja nyepesi. Siku ambayo mwili umechoka na shamba, usilazimishe lehemu. Panga mataruma tu.

Nne, usishindane na picha za treni za Ulaya kwenye simu yako. Zile zimetoka kiwandani. Linganisha behewa lako la tatu na lako la kwanza, hapo utaona umbali uliokwenda.

Tano, kupumzika siyo kuacha. Novemba ikifika, shamba lina haki yake. Funika ubao kwa kitambaa, uinue juu ya tofali kukwepa mchwa, na uandike tarehe utakayorudi. Aliyeweka tarehe yuko mapumzikoni. Asiyeweka ndiye aliyeacha.

Je, inaweza kuwa biashara?

Swali hili haliepukiki katika kurasa hizi. Jibu ni kwamba inaweza, lakini isiwe ndiyo sababu ya kuanza. Mafundi wa Lamu na Zanzibar huchonga majahazi madogo na kuyauza kwa wageni, kwa hiyo soko la vitu vya mfano lipo Afrika Mashariki. Hata hivyo piga hesabu kwanza.

Tuseme treni yako imekula saa 60, na kibarua wa saa nane unamlipa Sh 8,000. Hapo kila saa ina thamani ya Sh 1,000, na nguvu peke yake ni Sh 60,000 kabla ya bati, rangi na gundi. Je, yupo mteja wa bei hiyo? Kama hayupo, usijidanganye kwamba una mradi. Kama unataka kuuza, uza behewa moja moja. Tengeneza patani ya karatasi ngumu, kata mabati kumi kwa mkupuo, na saa za kila behewa zitapungua. Usichukue mkopo wa kikundi, na usiguse fedha ya mbolea kwa ajili ya kitu hiki. Starehe ikianza kudai marejesho ya kila wiki, si starehe tena.

Na treni ya kwanza usiuze. Ndiyo itakayokurudisha mezani siku utakapokata tamaa.

Maarifa yanayoondoka

Ipo sababu nyingine ya kufanya kazi hii sasa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo yuko karibu na miaka 70. Ndiye anayekumbuka injini za mvuke zilivyojazwa maji, gadi alisimama wapi na ishara ilimaanisha nini. Aina tatu za injini za shirika hilo zilipewa majina ya makabila ya kwetu. Mojawapo, namba 3020 iliyoitwa Nyaturu kwa jina la majirani zetu wa Singida, ilihifadhiwa Nairobi, mji wenye jumba la makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Mtoto wa Tabora atakayetaka kuiona itambidi avuke mpaka.

Wakati huohuo reli mpya inakuja. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo. Mikataba ya kujenga kutoka Makutupora hadi Tabora, na Tabora hadi Kigoma, ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Kila reli mpya huifanya ya zamani isahaulike haraka zaidi.

Behewa la bati linaweza kuzuia sehemu ya usahaulifu huo. Ukimwuliza mzee mstaafu "reli ilikuwaje," atakujibu kwa sentensi mbili. Ukimwekea mbele mfano wenye mlango uliokosewa, atakushika mkono na kukuonyesha ulipokuwa mlango, nani aliufungua na mzigo gani ulipita hapo. Mwalike aje kukosoa. Naye anahitaji shughuli, kwani wastaafu wengi hupotezwa na kukaa bure kuliko na umri.

Watoto nao wasiachwe. Wanajua magari ya waya na magurudumu ya ndala, na wanachokosa ni rula. Mtoto aliyegawanya mita 12 kwa 50 ili apate behewa lake hatasahau hesabu ya kugawanya. Atajifunza pia kwa nini daraja moja likikatika mkoa mzima unakosa bidhaa, kama ilivyotokea mafuriko yalipoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009. Atoe kipande kimoja tu cha waya ubaoni, aone mabehewa yote yanavyosimama.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, kambi ya kwanza ni fupi: ubao mmoja, viberiti viwili, waya, gundi na rula. Laza reli ya mita moja. Ikishakauka, pitisha kipande cha mbao chenye upana wa sentimita mbili katikati ya waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikipita bila kukwama wala kuchezacheza, reli yako imenyooka, na behewa linaweza kuanza kukatwa.