Fahamu: Wahudumu wa ndege hufanya nini wakilala ugenini?

Mkazi wa Segese, mkoani Shinyanga, anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege huweza kupandia Mwanza. Safari yenyewe huchukua muda mfupi tu, hivyo mara nyingi marubani na wahudumu hushusha abiria, hupakia wengine na kugeuza siku hiyo hiyo. Mji wanauona kupitia dirisha tu.

Safari ndefu ndiyo huwalaza ugenini. Dar es Salaam hadi Guangzhou kuna tofauti ya saa 5: jogoo wa kule amewika, mwili wa mhudumu bado uko usiku wa manane. Ndiyo maana mapumziko yao husimamiwa na sheria. Ulaya na Marekani, kwa mfano, wakiwa mbali na kituo chao lazima wapate angalau saa 10 za mapumziko; Ulaya, ni lazima ziwemo 8 za kulala. Hotelini kwanza ni usingizi, mapazia yakiwa yamefungwa. Baadaye hukutana kula pamoja, kutembea sokoni, kupiga simu nyumbani.

Mara nyingi kikosi hubadilika kila ratiba, kwa hiyo meza hiyo ya chakula huweza kukutanisha watu waliojuana asubuhi tu. Hapo vijana huwauliza wakongwe mambo ambayo darasani hayafundishwi. Pombe ina mpaka: Marekani hairuhusu mtu kufanya kazi kwenye ndege kabla ya saa 8 kupita tangu alipokunywa.

Wanastahili heshima. Anayekuhudumia kwa tabasamu huenda amekosa harusi ya ndugu yake.