Bafa Ndiyo Inayoendesha Jeli

Mistari ya DNA kwenye jeli ikitoka imepinda au imefifia, lawama huangukia sampuli. Bafa, kimiminika kinachoifunika jeli, haishukiwi, kwa kuwa kwa macho haitofautiani na maji. Mimi ningeanza kwa kuichunguza hiyo.

DNA ina chaji hasi kwa sababu ya fosfeti zilizo katika uti wake. Umeme ukiwashwa, huvutwa kuelekea upande chanya, na vipande vifupi hupenya vitundu vya jeli ya agarosi upesi kuliko virefu. Lakini umeme huo hubebwa na ioni za bafa. Ukijaza tangi la jeli maji yaliyosafishwa, DNA itajikokota, kama itasogea kabisa. Ukimimina stoku ya bafa bila kuizimua, mkondo utakuwa mkubwa, joto litapanda na jeli inaweza kuyeyuka. Stoku ya 50x ya bafa ya TAE, yaani gramu 242 za Tris, mililita 57.1 za asidi ya asetiki isiyozimuliwa na mililita 100 za EDTA ya mola 0.5 katika lita moja, huhitaji mililita 20 tu kwa kila lita ya bafa ya kazi.

Tazama waya za tangi wakati mashine inafanya kazi. Viputo vya upande hasi ni vingi zaidi: hiyo ni haidrojeni, na upande chanya ni oksijeni. Maji yanapasuliwa, na kadiri saa zinavyopita upande hasi huelekea kuwa alkali, upande chanya asidi. Tris pamoja na asidi yake huzuia mabadiliko hayo na kuiweka pH karibu na 8.3. EDTA nayo hushika magnesiamu, ambayo vimeng'enya vingi vya kukatakata DNA haviwezi kufanya kazi bila hiyo.

Kati ya TAE na TBE, ubishi hauishi. TBE, yenye asidi ya boriki, huhimili pH kwa muda mrefu zaidi na hutenganisha vizuri vipande vidogo. TAE huchoka mapema, ila hufaa vipande virefu, tena DNA iliyokatwa kutoka kwenye jeli yake haibebi borati inayoweza kuvuruga vimeng'enya vya kuunganisha. Kwa kazi ya kila siku ningechagua TAE. Sababu nyingine ni chupa yenyewe: stoku ya TBE ikikaa sana huweka chembe nyeupe chini, na unachomimina hakilingani tena na kilichoandikwa kwenye lebo.

Mwaka 2004 Jonathan Brody na Scott Kern wa Johns Hopkins, Marekani, walihoji kama Tris inahitajika hata kidogo. Walitumia sodiamu na asidi ya boriki kwa ukolezi mdogo sana. Joto likapungua, wakaweza kupandisha hadi volti 35 kwa sentimita, ilhali kawaida ni 5 hadi 10. Bafa hiyo ni rahisi, na jeli humalizika kwa dakika chache. Hata hivyo, maabara nyingi bado zinatumia Tris, nadhani kwa mazoea tu.

Anayerudia TAE ileile aiangalie rangi ya kupakia sampuli. Bluu ya bromofenoli ikigeuka njano inapokaribia upande chanya, asidi imeishinda bafa. Aimwage, aweke mpya.