Matuta ya mboga: namna ya kuyapima, kuyainua na kuyatunza



Saizoni B inaelekea mwisho, na wengi kati yetu katika Kivu tunajitayarisha kushuka ku bonde kwa saizoni C, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa. Shu, tomati na vitunguu vya wakati huo ndivyo vinasaidia familia nyingi kulipa minervali ya watoto wa sekondari masomo yakifunguliwa.

Tukipita ku mashamba, mara nyingi tunakuta matuta (plati-bandi) ya kimo kimoja kila mahali: ku mulima na ku bonde, wakati wa mvua na wakati wa jua. Hasara inaanzia hapo. Tuta linainuliwa juu ya kutoa maji mingi kwenye mizizi. Mahali maji iko mingi, tunaliinua. Mahali maji ni haba, tunaliacha chini.

Kupima

Upana wa tuta ni meta 1, usipite meta 1 na santimeta 20. Ukichutama upande mmoja, mkono ufike katikati bila kukanyaga. Udongo uliokanyagwa unashikamana, maji haiingii na mizizi inakosa hewa. Urefu wa meta 10 unarahisisha hesabu. Kati ya tuta na tuta tuache njia ya santimeta 40 ao 50.

Ku mulima, tuta likingame mteremko. Likishuka pamoja na mteremko, mvua moja kali inabeba udongo na mbolea yote.

Kimo

Jioni, chimba kashimo ka santimeta 40 mahali unataka kulima. Asubuhi rudi kuangalia:

- Ukikuta maji ndani (sawa vile ku bonde), inua tuta santimeta 30 mpaka 40.
- Kama hakuna maji lakini ni wakati wa mvua, santimeta 20 mpaka 30 zinatosha.
- Kama ni kavu na mvua imekata, usiinue. Tuta likae sawa na njia, ao chini yake santimeta 10, kingo zikiwa juu kidogo, ili maji unayomwangilia ibaki ndani.

Ku bonde kuna hatari ingine. Mfereji ukichimbwa chini sana, kiangazi kikikaza udongo mweusi unakauka, unapasuka na haunywi tena maji vizuri. Mvua ikipunguka, tuzibe mfereji mdogo kwa udongo na majani, maji ibaki karibu na mizizi. Lakini mfereji mkubwa ni wa wote. Ukiuziba peke yako, maji inarudi kwa jirani wa juu na shu zake zinaoza, na yule wa chini anakosa ya kumwangilia.

Mbolea

Wiki mbili mbele ya kupanda, changanya na udongo wa juu ndoo 2 ao 3 za litiri 20 za mbolea iliyooza vizuri, kwa tuta la meta 10 kwa 1. Iliyooza haina tena joto wala harufu mbaya. Ile mbichi inaunguza miche.

Kutunza

- Funika udongo kwa majani makavu yasiyo na mbegu, lakini yasiguse shina la mche. Maji haikauki mbio, na matone ya mvua hayapigi udongo.
- Kila baada ya mvua kali, rudisha juu ya tuta udongo ulioshuka ku njia.
- Kisha kuvuna, usibomoe tuta. Legeza udongo, ongeza mbolea, panda ingine.
- Badilisha mimea. Tomati, bilinganya, pilipili na viazi vya kizungu ni ukoo mmoja, vinapatwa na magonjwa mamoja, hasa mnyauko. Pakitoka tomati, weka vitunguu, karoti, shu ao maharage. Tomati ikinyauka ingali kijani, ing'oe na mizizi yake, uipeleke mbali na shamba, na uoshe jembe mbele ya kuingia tuta lingine.

Mbele ya saizoni C kuanza, kila koperative ikutane na kupanga mambo mawili: siku ya salongo ya kusafisha mfereji mkubwa, na watu watakaoamua pamoja lini unazibwa na lini unafunguliwa. Wamama ndio wanalima sehemu kubwa ya mboga ku bonde, basi wawe kati ya wale wanaoamua.