Mkono wa Sentimita 50: Hesabu ya Kutundika Televisheni Mji Mkongwe

Televisheni ya inchi 55, pamoja na vyuma vinavyoishika mgongoni, huwa na uzito wa karibu kilo 18. Ifunge kwenye breketi ya mkono, ile inayokunjuka na kuzunguka, kisha ikunje mpaka ikae sentimita 7 kutoka ukutani. Boliti za juu zitavutwa kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Sasa uvute mkono wote, sentimita 50, ili aliyekaa pembeni aone mpira vizuri. Uzito haujabadilika hata gramu moja, lakini boliti zilezile sasa zinavutwa kwa kilo 45.

Hesabu hii haihitaji mhandisi. Zidisha uzito kwa umbali kutoka ukutani, kisha gawa kwa nafasi iliyopo kati ya boliti za juu na za chini. Kwenye bamba la breketi nyingi nafasi hiyo ni kama sentimita 20. Kwa hiyo 18 mara 50, gawa kwa 20, unapata 45. Mtoto wa miaka mitatu akidandia ukingo wa skrini, kilo zake 15 zinaongeza nyingine 37 na nusu. Jumla inapita 82, na boliti za juu mara nyingi ni mbili tu: kila moja imebeba kilo 41 za kuing'oa.

Boksi la breketi huandikwa kwamba inabeba kilo 45, au 60. Tarakimu hiyo inahusu chuma peke yake. Kiwanda hakijui ukuta wako umejengwa kwa nini, na kwa Mji Mkongwe wa Unguja hilo ndilo swali lenye pesa. Mtu anayeongeza fedha ili apate breketi nene zaidi, kisha akaifunga kwa boliti nne fupi kwenye ukuta wa chokaa, amelipia sehemu ambayo haikuwa na tatizo.

Waunguja ni wazoefu wa televisheni. Visiwani ilianza kuonekana, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. TV ya chogo ya inchi 29 iliweza kupita kilo 40, lakini ilikaa juu ya kabati na sakafu ndiyo iliyobeba. TV bapa imepunguza uzito kwa zaidi ya nusu, ikauhamishia mzigo ukutani.

Kabla ya kununua mkono, pima chumba. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo huvuka nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Chukua chumba cha mita 2.7 kwa 7. Ukiweka sofa kwenye ukuta mmoja mrefu na TV kwenye ukuta unaoutazama, macho ya mkaaji yako kama mita 2 kutoka kwenye skrini. Kanuni nyepesi ni kukaa mbali mara moja na nusu ya ulalo wa skrini. Inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo mita 2.1. Chumba kimeshajaa. Inchi 65 hapo itamlazimu mtu kugeuza shingo kufuata mpira kutoka goli hadi goli.

Tatizo la chumba chembamba ni pembeni. Aliyekaa mita 3 kando ya katikati ya skrini anaitazama kwa mshazari wa digrii 56, na kwenye TV nyingi za bei ya kati rangi hufifia sana kwa pembe hiyo. Mkono unamsaidia yeye. Lakini skrini ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122, nusu yake ni 61, na mkono wa sentimita 50 hauwezi kuigeuza hadi mwisho: ukingo utagusa ukuta ikifika kama digrii 55. Inatosha kwa jamaa wa pembeni, kwa shida. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95, nusu yake haifiki 48, hivyo mkono uleule unaigeuza digrii 90 bila kugusa kitu. Anayetaka inchi 55 igeuke kabisa atafute mkono wa zaidi ya sentimita 61, na ajue kwamba kila sentimita anayoongeza inalipwa na boliti.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe breketi ipi. Liwe hili: ukuta mfupi wa chumba una nafasi? Kama hauna mlango wala dirisha, itundike huko, watu wakae pande mbili, utumie breketi bapa isiyozunguka inayoiweka TV sentimita 4 tu kutoka ukutani. 18 mara 4, gawa kwa 20, ni chini ya kilo 4. Nafuu yake ni kubwa kuliko punguzo lolote utakaloomba dukani.

Kuna kipimo kingine ambacho vitabu vya maelekezo havikifikirii. Vinasema katikati ya skrini pawe usawa wa macho ya aliyekaa kwenye kochi, sentimita 105 hadi 110 kutoka sakafuni. Kwetu watoto wako kwenye mkeka, na Ramadhani nyumba nzima iko chini, macho yakiwa kwenye sentimita 75 hivi. Ukiweka katikati ya skrini kwenye 115, aliye chini mita 2 mbele anahitaji skrini iinamishwe digrii 11. Breketi nyingine huinama digrii 5 tu. Soma tarakimu hiyo kabla ya kulipa, pamoja na kipimo cha VESA, yaani nafasi ya matundu ya nyuma ya TV: kwa kawaida milimita 200 kwa 200, au 400 kwa 400 kwa zile kubwa. Kama haiendani na breketi, hakuna boliti itakayokuokoa.

Sasa ukuta wenyewe. Nje unaonekana imara, na unene wake wa sentimita 50 au 60 unamtia mtu moyo. Ndani ni mawe ya matumbawe ya kila umbo, yamepangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kisha yakafunikwa plasta ya chokaa ambayo peke yake inaweza kufika sentimita 3 hadi 5. Zege la kawaida linastahimili mgandamizo wa megapaskali 20 na kuendelea. Chokaa ya aina hii huwa kwenye 1 au 2. Jiwe lenyewe linashika vizuri, ila hujui liko wapi. Tundu moja linaweza kuingia kwenye jiwe gumu, la pili, sentimita 20 pembeni, likaingia kwenye chokaa inayomong'onyoka, la tatu likatumbukia kwenye uwazi.

Hapo boliti ya kutanuka, ambayo mafundi wengi huichukua kwanza kwa sababu kwenye zege ni hodari, inageuka adui. Kazi yake ni kusukuma kuta za tundu kwa nguvu, na chokaa ikisukumwa inapasuka. Drili ikiachwa ipige nyundo huku inazunguka inaendeleza uharibifu huohuo: mtetemo unalegeza mawe ya jirani na kubandua plasta upande wa pili. Anza na keekee ya milimita 6, bila nyundo, taratibu. Angalia vumbi linalotoka. Jeupe gumu na keekee inayokwenda polepole ni jiwe. Jekundu laini ni udongo na chokaa. Keekee ikidondoka ghafla, tundu hilo lizibwe. Boliti inahitaji kushika sentimita 8 hadi 10 ndani ya jiwe, ukihesabu baada ya plasta. Kwa hiyo boliti ya sentimita 6 inayokuja kwenye boksi haifai kabisa. Itaishia kwenye rangi na plasta.

Dawa ninayoipendekeza ni ubao. Chukua mninga au mvule wa unene wa sentimita 3, mbao mbili zilizoungwa kufanya upana wa 60 na urefu wa 90. Breketi inafungwa kwenye ubao kwa boliti za kupenya, nati zikizamishwa nyuma. Kisha ubao unafungwa ukutani kwa boliti ndefu zake wenyewe. Faida ni mbili. Ya kwanza, bamba la chuma lina matundu yasiyohama, lakini ubao unatobolewa popote jiwe lilipo. Unatafuta jiwe kwanza, tundu linafuata. Ya pili ni ya hesabu: boliti za juu na za chini sasa zimeachana sentimita 80. 18 mara 50, gawa kwa 80, ni kilo 11 na robo. Ukiweka boliti tatu juu, kila moja inavutwa kwa chini ya kilo 4, badala ya zaidi ya 22. Yule mtoto akidandia, kila boliti inafika kilo 7, badala ya 41. Ubao una kilo 10 zake, ni kweli, lakini umelala ukutani na haung'oi kitu. Uache uwazi wa milimita chache nyuma yake kwa vipande vya kutenganisha, kwa sababu ukuta wa chokaa hupumua unyevu, hasa masika.

Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la A4 kama zinapatikana. Mji Mkongwe ni rasi, na upepo wa chumvi unafika kila chumba. Kutu ndani ya tundu huvimba na kupasua jiwe kimyakimya.

Tuweke pesa mezani. Hizi ni bei za mfano tu, badilisha kwa za duka lako. Njia ya kawaida: breketi nzito 120,000, boliti 10,000, fundi 40,000, jumla shilingi 170,000. Njia ya ubao: breketi ya kati 80,000, ubao 45,000, boliti nane kwa 4,000 ni 32,000, fundi kwa muda mrefu zaidi 60,000, jumla 217,000. Tofauti ni 47,000. TV ya 1,200,000 ikianguka na ukuta ukahitaji ukarabati wa 150,000, hasara ni 1,350,000. Gawanya: ubao unajilipa ikiwa unapunguza uwezekano wa kuanguka kwa zaidi ya asilimia 3 na nusu tu. Kwa ukuta wa matumbawe unaotobolewa bila kukaguliwa, sioni mtu makini atakayekataa dau hilo, na bado sijamtaja mtoto aliyekaa chini.

Nje ya Mji Mkongwe mambo ni mepesi zaidi. Nyumba za bloku za saruji za Fuoni au Tomondo hushika fisha za milimita 10 vizuri, mradi utoboe katikati ya bloku, mbali na maungio. Nyumba za mbao za Fumba Town zinataka skrubu iingie kwenye nguzo ya ndani, si kwenye ubao wa juu. Kwenye ukuta wa fito na udongo usitundike kitu. Na popote ulipo, usining'inize TV kwenye boriti za dari. Zimeshabeba mzigo mkubwa wa mawe na chokaa wa sakafu ya juu.

Kuna ruhusa pia. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kazi za ujenzi zinasimamiwa na mamlaka ya uhifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Kwa jengo lililoorodheshwa, waulize kabla ya kutoboa. Nyumba nyingi ni za wakfu au za Shirika la Nyumba, na mpangaji anayetoboa ukuta usio wake bila kusema anajitafutia ugomvi siku ya kuhama.

Kazi ikiisha, TV ibaki kwenye boksi lake kwa usiku mmoja. Vuta mkono hadi mwisho, uning'inize dumu la lita 20 lililojaa maji. Ni kilo 20 na ushei, zaidi kidogo ya TV. Kama breketi imeandikwa kilo 45 au zaidi, ongeza dumu la pili kwa nusu saa, watoto wakiwa mbali. Hapo umepita hata hesabu ya mtoto anayedandia. Chora mstari wa penseli kuzunguka ubao kabla ya kuanza. Asubuhi mstari ukiwa palepale, na sakafuni hakuna unga wa chokaa, funga TV. Ubao ukiwa umesogea hata milimita mbili, ushushe, matundu uyazibe kwa chokaa na si kwa saruji, ambayo hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, kisha tafuta mawe mengine au uirudishe TV juu ya kabati.