Namba na Masharti Yake: Uhariri wa Ushauri wa Ujenzi na Useremala

Kosa katika ushauri wa ujenzi huonekana baada ya miezi au miaka, wakati aliyeuandika hayupo na aliyeufuata amekwisha kulipa gharama, na ndiyo maana uhariri wa maandishi ya fani hii hauwezi kuishia kwenye ufasaha wa lugha. Swali la kwanza la mhariri ni la masharti: namba iliyoandikwa ni sahihi kwa kifaa gani, kwa kipimo gani na katika hali gani?

Uwiano wa zege wa 1:2:4, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, unajulikana kwa karibu kila fundi mwashi wa Afrika Mashariki, lakini ni wachache wanaouandika kikamilifu. Uwiano huo hupimwa kwa ujazo, na kwa kuwa mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, mchanga wake huwa lita 70 na kokoto lita 140. Mwandishi anayetaja toroli bila kutaja ujazo wake hajatoa kipimo, maana toroli hazilingani na kila kibarua huzijaza apendavyo. Isitoshe, mchanga wenye unyevu huvimba, kwa sababu utando wa maji huzitenganisha punje zake, hivyo sanduku lile lile la kupimia hubeba mchanga pungufu kuliko linapojazwa mchanga mkavu. Linalosahaulika zaidi ni maji. Mwaka 1918, huko Chicago, Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji, kiasi kwamba maji yanayoongezwa ili zege imwagike kwa urahisi huidhoofisha. Maelekezo yanayonyamazia jambo hilo, hata yakiwa na mchoro mzuri kiasi gani, hayafai kuchapishwa. Daraja la saruji nalo litajwe, kwani 32.5 na 42.5 zinazosomeka kwenye mifuko ni nguvu ya chini kabisa, kwa niutoni kwa milimita ya mraba, inayotakiwa kufikiwa katika jaribio la siku 28.

Kwa mbao, hatari kubwa hutokana na maelekezo yaliyohamishwa kutoka nchi nyingine. Mbao inayoitwa mbili kwa nne nchini Marekani, ikishakaushwa na kupigwa randa, hubaki na inchi 1.5 kwa 3.5, kwa hiyo jedwali la kenchi au fremu lililokokotolewa kwa vipimo hivyo haliwezi kunakiliwa bila kuelezwa. Mhariri atauliza pia kama mbao ilikuwa kavu, kwa kuwa mbao mbichi husinyaa kwa upana inapokauka, ilhali urefu wake haubadiliki sana.

Tarehe ya ushauri nayo ni sehemu ya masharti. Dawa ya kuhifadhi mbao yenye shaba, kromiamu na aseniki iliondolewa katika matumizi mengi ya makazi nchini Marekani mwishoni mwa 2003, ingawa sehemu nyingine bado inatumika, hivyo kitabu cha zamani kinachoisifu hakina budi kuongezewa maelezo kinapochapwa upya, pamoja na onyo kwamba vipande vinavyobaki baada ya kupaua visitumiwe kama kuni, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba aseniki.