Vakansi ni ndefu: mtoto wako atasoma kitabu gani?



Mwezi wa saba umefika, masomo yamefungwa. Shule zetu za Wakongo hapa Nyarugusu zinafuata programu ya Kongo, kwa hiyo vakansi kubwa inachukua mwezi wa saba na wa nane, mpaka tufungue tena mwezi wa tisa. Ni kiangazi: vumbi, upepo, watoto wanachota maji, wanacheza mpira, wanachunga wadogo wao mama akienda kutafuta kuni. Hatusemi wasicheze. Mtoto lazima acheze. Tunaomba jambo moja tu: kila mtoto wa primari apate kitabu cha kusoma, na kiwe kitabu kinachomfaa.

Yaliyotupata mwaka jana

Mwaka jana tulikuwa na msichana mmoja wa mwaka wa pili. Kabla ya vakansi alisoma ukurasa mzima bila kusimama. Mwezi wa tisa aliporudi, alifuata kwa kidole, silabi moja moja, machozi yanamlengalenga. Nyumbani kwao hakukuwa na hata karatasi moja yenye maneno. Tulihitaji wiki nyingi kumrudisha pale alipokuwa.

Kulikuwa pia na mvulana wa mwaka wa nne. Huyu tulimpa kitabu sisi wenyewe. Tuliona ana akili, tukamchagulia kile kinene kuliko vyote: cha Kifaransa, maandishi madogo, picha hakuna. Baba yake alifurahi sana, akakitunza ndani ya sanduku. Mwezi wa tisa kitabu kilirudi safi kama kilivyotoka. Tukamwuliza, "Umesoma?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." "Basi kinasema nini?" Akanyamaza, akaangalia chini.

Kumbe kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu. Tulichagua kitabu cha kutupendeza sisi na baba yake. Tena tulimfanya mtoto adanganye juu ya kusoma, na hiyo ndiyo iliyotuuma zaidi.

Mtoto achague mwenyewe

Jambo hili haliko kambini tu. Marekani, katika jimbo la Florida, watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen pamoja na wenzao waliwapa watoto wa familia maskini vitabu 12 kila likizo kubwa, kwa miaka mitatu. Watoto walichagua wenyewe. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliopewa vitabu walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Sisi hatuna vitabu 12 kwa kila mtoto. Lakini kumwacha achague hakuna gharama.

Akishachagua, apime kwa vidole vitano. Afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti. Kila neno asilolijua, anakunja kidole kimoja. Asipokunja hata kimoja, kitabu ni rahisi, kinafaa kwa kujifurahisha. Akikunja viwili au vitatu, hicho ndicho chake. Akimaliza vidole vyote vitano kabla ya ukurasa kuisha, akirudishe kwanza. Atakichukua mwaka ujao, bila aibu.

Kiswahili au Kifaransa?

Wazazi wengi wanatuuliza hivi. Wengine wanasema, "Kiswahili anakijua tayari, mpeni Kifaransa." Tunaelewa hofu yenu: mtihani uko kwa Kifaransa, na siku ya kurudi nyumbani hakuna anayeijua. Lakini mtoto anayejifunza kusoma anabeba mizigo miwili: kutambua herufi, na kuelewa maana. Ukimpa lugha asiyoisikia nyumbani, atatamka kama kasuku bila kuelewa. Akizoea kusoma kwa Kiswahili, kazi ya herufi imekwisha, na Kifaransa kitapata njia. Kiswahili si lugha ya kudharau. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba.

Kwa hiyo tunashauri hivi: mwaka wa kwanza na wa pili, Kiswahili chenye picha nyingi. Mwaka wa tatu na wa nne, Kiswahili na kitabu chembamba cha Kifaransa. Mwaka wa tano na wa sita, lugha zote mbili. Si lazima kiwe hadithi. Wavulana wengine wanapenda wanyama, ramani, au mwili wa binadamu. Kama hadithi ina vita au kifo, kaeni karibu naye. Watoto wetu wanabeba mengi.

Kama nyumbani hakuna kitabu

Mwenye simu anaweza kutafuta African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Una hadithi fupi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, pia Kifaransa. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno machache mpaka hadithi za kusomewa.

Asiye na simu, achukue kaye iliyobaki kurasa. Bibi au babu atoe hadithi ya kwao, kama ni Fizi, kama ni Uvira. Mtoto aandike sentensi tatu kila ukurasa na kuchora picha. Shoneni kwa uzi. Hicho ni kitabu kamili.

Mama, hata kama hukupita shule, unaweza kusaidia. Mwambie akusomee unapopika, halafu muulize: "Nani alifanya nini? Kwa nini?" Dakika 15 kila siku, kwa siku 60, ni saa 15 za kusoma.

Kitabu kifunikwe kwa karatasi ya mfuko wa unga, kiwekwe mbali na panya na mtoto mdogo. Tafadhali, kurasa zisiwashie moto. Kitabu kimoja kinasubiriwa na watoto wengi.

Wiki iliyopita

Yule mvulana alikuja tena na baba yake. Safari hii tulinyamaza. Akachukua kitabu chembamba cha sungura na fisi, cha Kiswahili. Baba akatuangalia: "Hiki si cha watoto wadogo?" Tukamwambia, "Papa, acha kwanza." Mtoto akakaa nje ukutani. Tulimsikia anacheka peke yake. Kabla hatujafunga mlango alirudi, akamweleza baba yake hadithi yote, halafu akauliza kama anaweza kubadilisha.

Jibu ni ndiyo, na kwa watoto wote. Kila Jumamosi ya vakansi, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa kwenye klasi ya mwaka wa kwanza kubadilisha vitabu. Wazazi, njooni nao. Ila mkono wa kuchagua uwe wa mtoto.