KIVINJARI KIKONGWE NA NAMNA YA KUKISASISHA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Mwaka jana dada yangu alikwenda katika duka moja la kompyuta hapa Tunduma kupeleka maombi yake ya mkopo wa chuo. Ilikuwa siku moja kabla ya muda kwisha. Tulikaa muda wa saa tatu. Mara ukurasa ulikuwa mweupe, mara likaja onyo kwamba mahali pale si salama. Mwenye duka alisema mtandao unasumbua. Lakini simu za watu waliokaa kando yetu zilifungua kurasa vizuri kwa mtandao ule ule. Jioni mwalimu mmoja alituruhusu kutumia kompyuta yake, na fomu ikafunguka mara moja. Ndipo nilipojua kwamba ubaya haukuwa wa mtandao, bali wa kivinjari. Napenda kuwaeleza wenzangu na wazazi niliyojifunza.

Kivinjari ni programu inayotufungulia kurasa za intaneti, mathalani Chrome, Firefox, Edge na Safari. Watengenezaji wa tovuti hubadili mara kwa mara namna ya kuandika kurasa zao. Kivinjari cha zamani ni kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Jambo la pili ni usalama. Sisi wa Tunduma twajua mambo ya mpakani. Msafiri aendaye Nakonde huonyesha hati yake, na afisa hutazama imetolewa na nani na kama muda wake haujakwisha. Tovuti nayo huonyesha cheti, na kivinjari ndicho afisa. Afisa mwenye orodha ya zamani humkataa msafiri mwema. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilikwisha muda, na baadhi ya vifaa vya zamani vikaanza kukataa kurasa njema. Tena afisa huyo huweza kumpitisha mwovu. Nyufa za usalama zikigunduliwa katika kivinjari, watengenezaji huziziba na kuzitangaza. Wezi nao husoma tangazo hilo, kisha humtafuta yule ambaye hajasasisha.

Basi, fanya hivi:

1. Tazama kwanza tarehe ya kompyuta. Betri ndogo iliyo ndani yake ikifa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma, na vyeti vizuri huonekana vibaya. Sahihisha tarehe.

2. Katika Chrome, bonyeza nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, kisha Msaada, kisha Kuhusu Google Chrome. Itajitafutia toleo jipya yenyewe. Ikimaliza, ifunge na kuifungua tena. Katika Firefox, anza na mistari mitatu, kisha Msaada, kisha Kuhusu Firefox.

3. Katika simu ya Android, fungua Play Store, tafuta jina la kivinjari, ubonyeze Sasisha.

4. Kama kompyuta ina Windows 7, Chrome haitapita toleo la 109 la Januari 2023, hata ukibonyeza mara mia. Kompyuta ya dukani ilikuwa ya namna hiyo. Hapo hapana budi kubadili mfumo wenyewe. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows mpya yaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure. Na anayetumia Internet Explorer aiache, kwani Microsoft waliacha kuitunza tarehe 15 Juni 2022.

Jihadharini na tangazo linalojitokeza ghafula likisema kivinjari chako kimezeeka, bonyeza hapa. Mara nyingi ni mtego wa wezi. Sasisha kwa njia nilizotaja tu.

Najua kusasisha hula bando, na bando ni fedha. Lakini dada yangu alikuwa karibu kupoteza mwaka mzima kwa sababu ya kazi ya dakika chache ambayo mtu hakuifanya. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.